Ripoti ya MRI ya baba imeandikwa LR-5. Ndiyo hatua ya tano?

BintiSengerema: Habarini wapendwa. Baba ana miaka 61, ana homa ya ini B ya muda mrefu na ini limeshaanza kusinyaa. Majibu ya MRI yanasema kuna uvimbe mmoja wa sentimita 3.4 upande wa kulia. Dawa ya mshipani ikianza kuingia unang'aa, kisha unafifia kuliko ini lenyewe. Mwisho wameandika LR-5. Shemeji anasema ni hatua ya tano, tumrudishe mzee nyumbani tusimtese. Mama hali, halali. Kliniki ni Alhamisi.

DaktariWaPicha: Pole sana dada. Msimrudishe. Hiyo 5 si hatua ya ugonjwa, ni kiwango cha uhakika wa msomaji wa picha. LR-1 hakika si saratani, LR-3 ipo katikati, LR-5 hakika ni saratani ya ini. Inauma, lakini ni haki yenu kuujua ukweli.

Ini hupata damu yake nyingi kupitia mshipa unaotoka matumboni. Uvimbe huu hutegemea ateri, kwa hiyo hupokea dawa mapema na kuipoteza mapema. Kwa mwenye sirosisi (ini kusinyaa) au homa ya ini B sugu, uvimbe wa ukubwa huo ukionyesha hivyo, mara nyingi hata kinyama cha kupima maabara hakichukuliwi.

Sasa niambie: ule mshipa mkubwa umeingiliwa? Kuna maji tumboni? Macho yake je, yana manjano?

BintiSengerema: Wameandika mshipa uko wazi, maji hakuna. Macho meupe. Jana kala ugali na sato, akaomba kuongezewa.

DaktariWaPicha: Basi Alhamisi nendeni na majibu ya bilirubini, albumini na kuganda kwa damu, vipimo vya damu vinavyoonyesha nguvu ya ini. Uvimbe mmoja, mshipa wazi, na ini likiwa bado na nguvu, huyo anastahili kuonwa na daktari wa upasuaji. Akionekana hafai kukatwa, zipo njia za kuunguza uvimbe au kuuziba mishipa. Muulizeni waziwazi ipi inamfaa.

MamaK_Tanga: Chukueni na CD ya picha, karatasi peke yake haitoshi. Daktari aliyempasua kaka yangu alitaka kuziona mwenyewe. Kama mzee anatumia tenofovir, dawa ya homa ya ini B, asiiache. Na nyie watoto mkapime homa ya ini B: hapa Tanzania chanjo ya watoto wachanga ilianza 2002, waliozaliwa kabla wengi hawakuipata. Mama naye apimwe.