Kuimarisha PLA ya skrubu za mfupa: nanotyubu za kaboni, haidroksiapatiti au mkonge?

Tengeru_Polima
Wakuu, habari za kazi. Nafanya uzamili hapa Arusha. Nataka kuimarisha PLA (polima, yaani plastiki, inayotokana na asidi ya laktiki) ya kutengenezea skrubu ndogo za kuunga mfupa, zile zinazoyeyuka mwilini ili mgonjwa asirudishwe tiata kutolewa chuma. PLA tupu inakatika ghafla. Nina njia tatu za kuchanganya nayo: nanotyubu za kaboni (vijirija vyembamba mno vya kaboni), unga wa madini ya haidroksiapatiti, na selulosi nano ya mkonge (vinyuzi vidogo mno vya mmea). Moyo wangu uko kwa nanotyubu. Ukakamavu wake ni kama gigapaskali 1,000, wakati PLA ina 3 hivi. Mnashaurije?

Zana_Moshi
Karibu mkuu. Hizo 1,000 ni za nanotyubu moja iliyonyooka. Ukizimwaga kwenye polima zinashikana kama uji uliokorogwa vibaya. Niliwahi kuweka asilimia 2, sampuli ikavunjika mapema kuliko PLA tupu. Kwenye hadubini, pale ilipokatikia palikuwa na doa jeusi: bonge la nanotyubu ambalo PLA haikupenya. Nikashuka hadi 0.5, nikazichemsha kwanza kwenye asidi ya naitriki na salfuriki ili zipate vikundi vya kaboksili (vinavyozisaidia zisishikane), kisha nikazitawanya kwa mashine ya ultrasoniki (ya mawimbi ya sauti) ndani ya kiyeyushi cha klorofomu. Hapo ikakubali. Usizidishe muda kwenye mashine, zinakatika zikawa fupi mno.

Dada_Mifupa
Mdogo wangu, mimi nauliza upande wa mgonjwa. PLA ikishayeyuka, nanotyubu zinakwenda wapi? Mwaka 2008 watafiti waliweka nanotyubu ndefu kwenye tumbo la panya, zikaleta uvimbe kama wa asbestosi, yale madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu. Mwaka 2014 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ikaiweka aina moja, MWCNT-7, kwenye kundi 2B, yaani huenda ikasababisha saratani. Haidroksiapatiti ni ndugu wa madini ya mfupa wenyewe. Tena PLA ikioza hutoa asidi ya laktiki, na unga huo huipunguza makali.

Zana_Moshi
Kweli dada, ila katika jaribio hilohilo zile fupi zilizojisokota hazikuleta madhara ya namna ile. Mimi ningezipeleka kwenye polima isiyoyeyuka, mfano saruji ya mfupa ya PMMA (plastiki ya akriliki), ambako zinasaidia kuzuia ufa usitambae.

Fundi_Miguu
Natengeneza soketi za miguu bandia kwa polipropilini. Jamani, vumbi! Ukikata au kusaga kitu chenye nanotyubu, saga kikiwa kimelowa, na uvae barakoa ya kuchuja chembe, si ile ya kitambaa. Hili liwe la kwanza kabla ya kuzungumzia nguvu.

Tengeru_Polima
Na mkonge je? Tunao hapahapa.

Dada_Mifupa
Mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi, kwa hiyo swali langu linabaki palepale.

Zana_Moshi
Tena selulosi inapenda maji, PLA haiyataki. Unyevu ukibaki, ukiyeyusha PLA kwa joto minyororo ya molekuli zake inakatika.

Tengeru_Polima
Asanteni sana. Naanza na haidroksiapatiti asilimia 10, najua nikizidisha itakuwa dhaifu kama chaki. Nanotyubu nazihamishia kwenye PMMA.

Dada_Mifupa
Vizuri. Sampuli ziloweke kwenye maji ya chumvi nyuzi 37 kwa wiki kadhaa ndipo uzivunje. Skrubu haikai pakavu ndani ya mtu.