Mafundi wa mashine za boti Mwanza, hamfundishi, mnafuga wabeba spana

Wakuu habari. Nimeshikwa na hasira, mtanivumilia.

Niko karakana moja ya mashine za boti huku Kirumba, jirani na Mwaloni. Jina silitaji, nisije nikafukuzwa kabla sijaijua kazi. Nilimaliza chuo nikaja hapa nipate mkono. Tangu mwaka jana kazi yangu ni lete spana namba 10, futa grisi, jaza pipa maji, kafuate chai. Mashine ikifika penyewe, mzee, yaani fundi wangu, ananipa mgongo. Kabureta anaifungua kaelekea ukutani kama anahesabu hela.

Mwezi uliopita kaja mvuvi, mashine yake inachemka, haitemi maji. Hapo unaanza na impela, kile kidude cha raba chenye mabawa kinachosukuma maji ya kupoza mashine, maana mchanga wa ufukweni unaila ile raba. Nikashusha mguu wa mashine, nikaitoa: mabawa mawili hayapo. Sasa vile vipande havijayeyuka, vimepanda juu vikaziba njia ya maji. Ukifunga impela mpya bila kuvitafuta, mashine itachemka tena katikati ya ziwa. Nikawa navitafuta. Mzee akatokea, akaninyang'anya spana mbele ya mteja: "Pisha, utaniharibia kazi." Akamalizia yeye. Nilichokosea hakusema, na mpaka leo hajasema.

Wiki iliyofuata ndiyo ilinimaliza. Kaenda msibani Sengerema, simu haipatikani. Mteja kaja na mashine isiyowaka. Nimeshakatazwa kugusa mashine ya mtu yeye asipokuwepo, nikamwomba mteja asubiri. Kasubiri, kachoka, kapeleka kwa jirani. Mzee karudi, kanifokea kutwa nzima: "Hata plagi umeshindwa kuitazama? Huwezi kujiongeza?" Nijiongeze kwa ruhusa ya nani? Nikiamua, najifanya mjuaji. Nisipoamua, sina akili.

Najua mtakuja na ile hoja kwamba mashine ni roho za watu. Kweli kabisa, kusi likivuma halafu mashine ikazimika huko kuelekea Ukerewe, watu wanaweza kufa. Si ndiyo maana pipa lipo? Mwanafunzi afunge, awashe ndani ya pipa, fundi akague kabla mteja hajaondoka. Kosa likionekana pale unafungua tena, basi. Sijaomba kuachiwa karakana. Nataka kazi moja niishike mwanzo mpaka mwisho, yeye asimame pembeni aniulize kwa nini nimeanza na hiki nikaacha kile. Akiridhika, inayofuata nifanye mwenyewe, akague mwishoni.

VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Huko unaonyesha kazi kwa mikono yako. Mimi nitaonyesha nini, ninavyofuata chai?

Wenzangu wanasema anaogopa nikiiva nitafungua ya kwangu ng'ambo ya barabara. Inawezekana. Ila macho yenyewe tundu la jeti ya kabureta hayalioni tena, ananiita nimmulikie tochi ya simu, halafu ananiambia nitazame pembeni!

Kama kuna fundi humu, awe Igombe, Musoma au Bukoba, anayempa mwanafunzi mashine mkononi, aje inboksi. Nauli ninayo, na spana ninazo.