Mafundi wawili, hesabu mbili: nyumba ya mita 12 kwa 9 inakula mabati mangapi?

Mjenzi wa Chanika
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Nyumba yangu ya Chanika, yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9, imeshafungwa linta, nami ninataka kuiezeka kabla masika hayajaanza. Fundi wa kwanza, aliyeangalia ramani akiwa amesimama barazani kwa jirani, aliniandikia mabati 48 ya mita 3. Wa pili, aliyeshinda na tepu hadi jua likazama, ameandika 84. Paa litatokeza sentimita 60 kila upande, na kutoka usawa wa ukingo wake wa chini hadi kileleni ni mita 2.4. Bati moja, likishalaliwa ubavuni, linafunika sentimita 75. Ni yupi anayenidanganya?

Mzee wa Kenchi
Marahaba, kijana wangu. Huyo wa kwanza amechukua 12 mara 9 akagawa kwa eneo la bati moja, yaani ameezeka sakafu. Paa lako, ukijumlisha sehemu zinazotokeza, ni mita 13.2 kwa 10.2, na bati halilali chali bali linafuata mteremko. Nusu ya upana ni mita 5.1, ukiunganisha na kile kimo cha 2.4 kwa kanuni ya Pythagoras unapata mteremko wa mita 5.64.

Sasa hesabu kwa safu, yaani mstari wa mabati kutoka chini hadi kileleni, usigawe eneo. Gawa 13.2 kwa 0.75 upate 17.6, yaani safu 18 kila upande. Kila safu inataka mabati mawili, kwa sababu yakilaliana sentimita 20 yanafika mita 5.8. Jumla ni mabati 72. Ukigawa eneo la paa lililoinama ungepata 67, na hayo matano ungeyakumbuka fundi akiwa juu ya paa na duka limefungwa. Lakini hukusema: paa lina miteremko miwili au minne?

Mjenzi wa Chanika
Minne, mzee wangu. Mama watoto ndiye aliyeuchagua mtindo huo.

Mzee wa Kenchi
Basi fundi wako wa pili mwombe radhi. Eneo halibadiliki mteremko ukiwa uleule, ila safu za pembeni hukatwa mshazari, moja ikiwa fupi kuliko nyingine. Nimeichora kwenye karatasi safu kwa safu: mtu asiyetumia vipande atahitaji mabati 104, na anayeoanisha kipande kirefu na kifupi kutoka bati moja anashuka hadi 80 hivi. Kwa hiyo 84 ni hesabu ya mtu anayejua kukata na ameacha akiba ndogo. Jambo la kumbana nalo ni moja: akuoneshe mchoro wake, na vipande vyote vibaki kiwanjani hadi siku ya mwisho.

Dada wa Kigamboni
Naomba niongeze kuhusu kofia, yale mabati ya kufunika maungio ya juu ambapo miteremko hukutana, maana mimi ziliniumbua. Paa la miteremko miwili la vipimo hivyo lina kilele cha mita 13.2 tu. La miteremko minne lina kilele cha mita 3, halafu pembe nne zinazoshuka kutoka kileleni, za mita 7.6 kila moja, jumla mita 33.4. Kofia za mita 2 zikilaliana sentimita 15 utahitaji 19, na mimi nilikuwa nimenunua nane. Mabati nayo, kumbuka kwamba kwa geji, yaani namba ya unene wa bati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba inadanganya macho. Sisi tulio karibu na chumvi ya bahari tunaliona hilo mapema. Geji iandikwe kwenye risiti, na uyahesabu mabati moja moja kabla gari halijaondoka.