Mdogo wangu katimiza miaka 18, ustawi wananiambia jina lake limetolewa kwenye daftari!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina mdogo wangu wa kiume ana utindio wa ubongo. Hatembei, na maneno yake tunayaelewa sisi wa nyumbani tu. Tupo Mtwara, juu huku uwanda wa Makonde, wilaya siitaji. Utotoni alisaidiwa, sitaki kusema uongo. Alisoma kitengo maalumu shule ya msingi, akapata mazoezi ya viungo, na akiwa na miaka 11 akapewa kiti cha magurudumu.

Mwaka jana katimiza 18. Shuleni wakasema ndevu zimeshaota, abaki nyumbani. Mazoezi nayo basi, ile kliniki ni ya watoto. Nikaenda ustawi wa jamii. Dada wa pale kafungua daftari, kaniambia jina limetolewa, hapa ni watoto. Nikamuuliza, daftari la wakubwa liko wapi? Kimya. Baadaye ndiyo ananiambia kuna ile mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa watu wenye ulemavu, akaombe. Mtu asiyeweza kushika kijiko akaandike andiko la mradi!

Mama yetu ana miaka 61. Alikuwa anambeba mtoto, sasa anambeba mwanaume. Kumtoa kitandani, kumwogesha, kumgeuza usiku asipate vidonda, yote yeye na mgongo wake mbovu. Msimu wa korosho ndiyo balaa. Korosho zikianguka lazima ziokotwe, ndiyo hela ya mwaka mzima. Amfungie ndani kutwa nzima peke yake, au amlaze chini ya mkorosho na siafu? Mwaka jana alimfungia. Aliporudi jioni kamkuta kaanguka, mdomo umepasuka. Mama hajasamehe nafsi yake mpaka leo.

Na kile kiti ni kilekile cha miaka 11. Magoti yanakaribia kidevu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku ya kutimiza 18 haikumshtukiza mtu. Nakala ya cheti cha kuzaliwa wanayo kwenye faili tangu anaandikishwa shule. Alipofika 15 walishindwa nini kumwita mama, mwalimu, mtu wa mazoezi na afisa ustawi wakae siku moja waulizane: akitoka hapa anapokelewa na nani? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutungwa kwa watoto pekee, na inataka kamati kuanzia huku chini vijijini. Nimemuuliza mwenyekiti wetu wa kijiji kuhusu kamati hiyo, ndiyo kwanza anaisikia kwangu.

Wenye vijana wa namna hii waliovuka 18, Lindi, Masasi, Newala, popote: mlipokelewa ofisi gani, na mlikwenda na karatasi zipi? Jumatatu narudi kule na faili lake lote.