Ekstrakti ya mwani inaganda kwenye sindano: panya nimpeje dozi ya 2000?

Mwani_AR: Wakuu habari. Nipo Arusha, nina unga wa kotonii (aina ya mwani) ya Unguja uliochemshwa kwa maji na kukaushwa. Nataka kupima kama una sumu, nafuata mwongozo wa OECD 423 (jaribio la sumu ya kunywesha mara moja), dozi ya 2000 mg kwa kilo. Panya ana gramu 200, maana yake 400 mg ndani ya ml 2. Ikipoa inakuwa jeli, haipiti kwenye sindano ya kunyweshea. Halafu wawili waliopata kidogo wamejikunja, manyoya yamesimama. Ndiyo sumu tayari?

PanyaMweupe: Mkuu, 400 mg kwenye ml 2 ni asilimia 20. Karaginani ya kotonii (ndiyo inayofanya jeli) inaganda hata kwa asilimia 1 au 2, na potasiamu iliyomo kwenye mwani wenyewe inazidi kuikaza. Kupasha moto hakusaidii: ukisubiri ipoe ndiyo usalama wa koo la panya, na ikipoa imeshaganda. Usiisukume kwa nguvu. Ikiingia kwenye koo la hewa panya anaweza kufa, na kifo hicho ni cha mkono wako, si cha mwani. Kila anayekufa mapema mpasue, angalia mapafu kwanza.

Mwongozo unaruhusu hadi ml 2 kwa kila gramu 100 kama ni maji, na kugawa dozi ndani ya saa 24. Piga hesabu: kwa asilimia 1 unahitaji ml 40. Panya wa gramu 200! Haiwezekani.

Changanya kwenye chakula, ufanye jaribio la siku 90 (OECD 408, madume 10 na majike 10 kila kundi). Panya huyo anakula kama gramu 15 kwa siku, hivyo asilimia 1.3 ya chakula inakupa takriban 1000 mg kwa kilo. Pima kila wiki na urekebishe, maana panya mchanga anakula zaidi kwa uzito wake; usiporekebisha, dozi itashuka yenyewe kadiri anavyokua. Kilichomwagika chini ya kizimba nacho kipimwe. Kundi la kulinganishia lipewe selulosi kwa kiasi kilekile, la sivyo kinyesi laini kitahesabiwa kuwa sumu wakati ni nyuzinyuzi tu.

Daktari_Moshi: Hao waliojikunja, angalia kwanza kipimajoto. Chumba kinatakiwa kiwe nyuzi 22, tofauti isizidi 3 juu au chini. Usiku wa Juni Arusha bila hita, panya aliyenyimwa chakula anatetemeka vilevile kama mwenye sumu. Weka watatu wa kunyweshwa maji matupu saa ileile. Nao wakijikunja, umepata jibu. Wanyime chakula usiku kucha kabla ya dozi, kisha saa 3 hadi 4 baada ya dozi warudishiwe chakula. Wale panya wa aina ndogo (mice) ni saa 3 hadi 4 tu kabla, usiwalaze na njaa.

Chunguza kila mmoja dakika 30 za mwanzo, kwa makini saa 4 za kwanza, halafu kila siku hadi ya 14.

PanyaMweupe: Nyongeza: kabla ya panya yeyote, pima kwenye unga wako majivu (madini yanayobaki ukiuchoma), aseniki, kadimiamu na iodini. Mwani usiooshwa vizuri una chumvi nyingi. Panya watakunywa maji kupita kiasi, wakojoe sana, na utaandika kwamba figo zimeathirika.

Mwani_AR: Nikitumia ethanoli badala ya maji? Hiyo inanyweshwa vizuri.

PanyaMweupe: Itanyweshwa, kwa sababu karaginani haiyeyuki kwenye ethanoli, umeiacha kwenye makapi. Kama bidhaa yako ni jeli ya kula, hapo umepima kitu kingine kabisa. Na usichemshe kwa asidi ili ilainike. Karaginani iliyovunjwa kwa asidi imewahi kuleta vidonda vya utumbo kwa wanyama wa maabara, na hiyo si ile watu wanakula.

Daktari_Moshi: Na kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla ya kununua panya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008.