Dola kubwa au demokrasia ndogo: raia wa kawaida anaishi vizuri wapi?

Mwanzishaji, Wandegeya

Kila panapozungumzwa habari ya nchi za Afrika Mashariki kuungana kisiasa, kuna hoja haikosi: tukiwa wengi na wakubwa, maisha yatakuwa bora. Naomba tuipime kwa nchi ambazo tayari ziko hivyo. Upande mmoja tuiweke Marekani, watu takriban milioni 340, yenye jeshi na uchumi usio na mfano. Upande wa pili tuziweke demokrasia ndogo: Denmark yenye watu kama milioni 6, Costa Rica milioni 5 na kidogo, Morisi isiyofika milioni 1.3. Mtu wa kawaida, si tajiri wala si fukara, anaishi vizuri wapi, na kwa sababu gani? Tafadhali tusilete wastani wa pato la taifa peke yake. Bilionea mmoja akihamia Kitintale, wastani wa mtaa mzima unapanda na hakuna jirani aliyeongezewa hata sukari.

Mhasibu, Jinja

Tuanze na karatasi ya mshahara, maana hapo ndipo wengi hupotea. Hulinganisha kodi na kodi, wakaona Denmark inakamua watu, wakafunga mjadala.

Mfanyakazi wa Marekani hukatwa 7.65% ya mshahara: 6.2% ya pensheni ya taifa na 1.45% ya Medicare, bima ambayo kwa kawaida ataanza kuitumia akifika miaka 65. Inafuata kodi ya mapato ya serikali kuu, kisha ya jimbo lake. Yako majimbo yasiyotoza kabisa, kama Texas na Florida. Mpaka hapo anaonekana amepona. Sasa ongeza bima ya afya. Mwaka 2024 bima ya familia inayopitia kwa mwajiri iligharimu kwa wastani dola 25,572 kwa mwaka. Mfanyakazi alitoa 6,296, mwajiri akalipa zilizobaki, na hizo za mwajiri zisisahauliwe: ni fedha ambazo zingekuwa mshahara. Hata baada ya hapo bima hailipi tangu senti ya kwanza. Familia hujilipia yenyewe mpaka kiasi fulani, halafu huchangia sehemu ya kila bili, mpaka ifike kikomo ambacho sheria iliweka mwaka huo kuwa dola 18,900. Mwaka wenye ajali na upasuaji, kikomo hicho hufikiwa upesi.

Mdenmark hukatwa kwanza 8% ya mchango wa soko la ajira, kisha kodi ya manispaa ambayo wastani wake ni kama 25%, kisha ya serikali kuu. Dukani VAT ni 25% hata kwenye mkate, wakati sisi Uganda tuko 18%. Gari la petroli lina kodi ya usajili ambayo kwa sehemu ya juu ya bei hufika 150%. Lakini kwa daktari na hospitalini halipi. Chuo kikuu halipi, na mwanafunzi hupewa posho ya kila mwezi. Mzazi hatozwi zaidi ya robo ya gharama ya kituo cha kulelea mtoto. Meno ya mtu mzima, kwa sehemu kubwa, hujilipia mwenyewe. Hilo nalo liandikwe.

Ukijumlisha yote, mhandisi wa kompyuta au daktari bingwa hubaki na fedha nyingi zaidi Marekani, bila ubishi. Mfagiaji na muuza duka ni habari nyingine. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani kimesimama dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, ingawa majimbo mengi yameweka chao cha juu zaidi. Denmark haina kima cha chini cha kisheria; mikataba ya vyama vya wafanyakazi ndiyo inayopanga.

Mfanyabiashara, Busia

Hesabu imekaa vizuri, mzee, ila umeruka bei. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ni ghali. Watu hawali asilimia.

Mhasibu, Jinja

Kweli. Ndiyo sababu mapato hulinganishwa baada ya kurekebishwa kwa uwezo wa kununua, na hata kwa kipimo hicho kaya za Marekani zina matumizi miongoni mwa makubwa kabisa duniani: nyumba pana, magari mawili. Wasichokuwa nacho ni muda. Hakuna sheria ya serikali kuu inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Denmark ni wiki 5 kwa mwaka, na wiki ya kazi kwa kawaida ni saa 37. Atakayepima maisha kwa fedha tupu atasema Marekani. Atakayehesabu na saa za kukaa na watoto atasita.

Mkunga, Arua

Mimi nataka tuzungumzie Costa Rica, kwa sababu Denmark ni tajiri na mtu anaweza kusema utajiri ndio uliofanya kazi. Pato la Costa Rica kwa kila mtu ni kama moja ya tano ya lile la Marekani. Hata hivyo watu wake huishi takriban miaka 80. Marekani ilishuka mpaka 76.4 mwaka 2021, ikapanda tena hadi 78.4 mwaka 2023, huku ikitumia zaidi ya 17% ya pato lake kwenye afya.

Namna walivyofanya inaelezeka. Mfuko wao wa hifadhi ya jamii, ambao wenyewe huuita Caja, ulianzishwa mwaka 1941. Jeshi lilifutwa Desemba 1948, na katiba ya 1949 ikalifunga jambo hilo. Kuanzia 1995 nchi iligawanywa katika maeneo madogo, kila moja likiwa na timu iitwayo EBAIS inayohudumia watu kama 4,000 hadi 5,000: daktari, msaidizi wa muuguzi, karani wa kumbukumbu, na mhudumu wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba. Huyu wa mwisho ndiye roho ya mpango. Anabeba chanjo kwenye kisanduku cha baridi, anapima shinikizo la damu, anaandika nani ni mjamzito, nyumba ipi haina maji safi. Sisi tunao VHT vijijini, yaani timu za afya za kijiji, kazi yao inafanana, lakini VHT ni wa kujitolea. Wa kule ni mwajiriwa mwenye mshahara wa mfuko na daktari wa kumpelekea taarifa jirani. Tofauti ni hiyo.

Kasoro zao pia zipo. Foleni za upasuaji usio wa dharura ni ndefu sana, na serikali ina deni la muda mrefu kwa Caja.

Uzazi sasa. Marekani, vifo vya uzazi vilifika 32.9 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2021, vikarudi 18.6 mwaka 2023. Ni kiwango kibaya kwa nchi tajiri, na wanawake weusi hufa kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Likizo ya uzazi kwa sheria ya serikali kuu ya 1993 ni wiki 12 bila malipo, na huipati mpaka uwe umefanya kazi miezi 12, saa 1,250, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Sheria yetu ya ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Najua wengi wetu wako kwenye kazi zisizo na mkataba, kwa hiyo sheria haiwafikii. Lakini kwenye karatasi Uganda imemtendea mzazi vizuri kuliko dola kubwa, na hilo linatosha kuvunja dhana kwamba ukubwa huja na huruma.

Mwalimu wa historia, Gulu

Dada mkunga, umesema vizuri, lakini kuna jambo ninyi nyote mnalipita. Nchi ndogo huishi vizuri chini ya kivuli cha mwingine. Denmark ilivamiwa na Ujerumani tarehe 9 Aprili 1940 na ikasalimu amri siku hiyo hiyo. Tangu 1949 imo ndani ya NATO, muungano wa kijeshi unaoongozwa na Marekani. Costa Rica inaweza kukaa bila jeshi kwa sababu iko katika ukanda ambao Marekani haimruhusu mwingine kuuchezea. Gharama ya usalama haikufutwa, imehamishiwa kwa mlipakodi wa Marekani.

Tazameni pia mtikisiko. Iceland, watu wasiofika 400,000, benki zake tatu kubwa zilianguka ndani ya wiki moja Oktoba 2008. Sarafu ikapoteza karibu nusu ya thamani, na nchi ikakopa dola bilioni 2.1 kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mgogoro wenyewe ulianzia Marekani! Lakini huko dunia nzima ilikimbilia kununua dola. Karibu na kwetu, Botswana hutegemea almasi kwa kama 80% ya mauzo ya nje. Soko la almasi lilipodorora, Agosti 2025 serikali ilitangaza hali ya dharura ya afya kwa kukosa dawa. Botswana hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza Afrika kutoa dawa za UKIMWI bure nchi nzima, na mwaka 2024 wapiga kura wake walikiondoa kwa amani chama kilichotawala tangu 1966. Demokrasia safi kabisa, na bado bei ya bidhaa moja imeitikisa.

Dola kubwa pia hufanya mambo ambayo hakuna mdogo anayeyaweza. GPS inayoongoza boda boda wa Kampala inaendeshwa na jeshi la Marekani, bure. Utafiti wa mRNA uliozaa chanjo za korona ulilelewa chuo kikuu cha Pennsylvania. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ilianza 2003 na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Januari 2025 misaada iliposimamishwa kwa siku 90 kwa saini moja, kliniki hapa kwetu zilitetereka mara moja.

Wakili, Mbarara

Nina mawili. La kwanza, sauti ya raia. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, idadi iliyowekwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa hiyo mbunge mmoja anawakilisha watu kama 780,000. Denmark ina wabunge 179, mmoja kwa watu kama 33,000, na mwaka 2022 walijitokeza kupiga kura 84%. Msikimbilie kuhitimisha, lakini. Uganda ina wabunge zaidi ya 500 kwa watu milioni 45.9 wa sensa ya 2024, yaani mmoja kwa chini ya watu 90,000. Kama wingi wa wabunge ungeleta huduma, tungekuwa tumeshaipita Marekani.

La pili ni kwa wanaofikiria kyeyo, kazi za ughaibuni. Maisha bora ya Mdenmark si maisha bora ya mgeni Denmark. Mtoto anayezaliwa huko na wazazi wa kigeni hapati uraia kwa kuzaliwa tu, na mzazi kwa kawaida husubiri miaka 9, mtihani wa lugha juu yake. Marekani, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu huweza kuomba uraia baada ya miaka 5, na Marekebisho ya 14 ya katiba, ya mwaka 1868, humpa uraia anayezaliwa pale. Nchi ndogo hushikana mikono vizuri, na mara nyingi hushikana ikimpa mgeni mgongo.

Mchumi, Ntinda

Naona tunagombania ukubwa wakati si wenyewe unaofanya kazi. Guinea ya Ikweta ni ndogo, ina mafuta, ina rais yule yule tangu 1979, na raia wake wa kawaida hajaonja utajiri huo. Ndani ya Marekani penyewe, mwaka 2021 mkazi wa Hawaii alitarajiwa kuishi zaidi ya miaka 8 kuliko wa Mississippi: bendera moja, dola moja, jeshi moja. Massachusetts, jimbo la watu kama milioni 7, liliweka sheria ya bima kwa wote mwaka 2006, na likaanza kulipa likizo ya uzazi 2021. Maana yake mambo yanayogusa nyumba ya mtu huamuliwa chini ya ngazi ya serikali kuu.

Na Denmark siyo ndogo kama inavyoonekana. Soko imeazima kwa Ulaya tangu 1973. Sarafu yake imefungwa kwenye euro. Ulinzi ni NATO, kama alivyosema mwalimu. Huduma ikazibakiza karibu, na hapa ndipo pa kujifunza: mwaka 2007 iliunganisha manispaa 271 zikawa 98, ili kila moja iwe na watu wa kutosha kuajiri wataalamu, zikaachiwa kodi yao wenyewe, na zile tajiri huchangia zile maskini kwa fomula ya kisheria. Hospitali zikapewa mikoa 5. Sisi tulikuwa na wilaya 33 mwaka 1986, sasa zinapita 130, na kodi ya kichwa iliyokuwa ikizipa fedha za ndani ilisitishwa 2005. Ilikuwa kodi ya kudhalilisha, sitetei irudi, lakini hakuna kilichochukua nafasi yake kwa ukubwa ule. Wilaya leo husubiri fedha za Kampala zenye masharti. Wanaodai federo, yaani utawala wa majimbo yenye mamlaka yake, huulizwa kila mara kuhusu wafalme na ardhi. Waulizwe pia kuhusu fomula ya kugawana kodi.

Morisi nayo ilijenga huduma za raia wake bila utajiri wa madini. Mwaka 1961 James Meade, ambaye baadaye alipata Nobel ya uchumi, aliitabiria mashaka kwa sababu ya kutegemea sukari peke yake na wingi wa watu. Pensheni ya wazee wote walikuwa nayo tangu 1958, kabla hata ya uhuru, wakaiendeleza, wakaongeza viwanda vya nguo na elimu ya sekondari bila ada.

Mfanyabiashara, Busia

Basi tuulizane lililo letu. Tukiungana, nani atalipa dawa za kituo cha afya cha Busia? Mwaka 2001 tulifuta ada hospitalini, watu wakafurika, dawa zikawa zinaisha.

Wakili, Mbarara

Kwa mfumo uliokubaliwa na wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki Mei 2017, ambao ni konfederesheni, kila nchi inabaki na mamlaka yake na kodi yake. Kitakachounganishwa ni mambo ya nje, ulinzi, biashara na yanayofanana na hayo, kadiri nchi zitakavyokubaliana. Mshahara wa mkunga na dawa za Busia zitabaki kwenye bajeti ya Uganda kama zilivyo leo. Anayetaka bima ya afya aulize habari za muswada wa bima ya taifa ambao Bunge liliupitisha Machi 2021 na ukarudi bila saini. Huo ungeweza kuletwa tena bungeni mwaka wowote, Arusha, makao makuu ya Jumuiya, ikubali isikubali.