Tupeane uzoefu: upepo ulipoezua paa, mlifanyaje?

Wadau, hamjambo. Nimesoma habari za Greensburg, mji mdogo huko Kansas, Marekani. Usiku wa tarehe 4 Mei 2007 kimbunga chenye upana wa zaidi ya kilomita 2 kiliupitia na kuangusha karibu asilimia 95 ya mji. Ving'ora vilikuwa vimelia dakika kama 20 kabla, watu wakakimbilia vyumba vya chini ya ardhi. Ndiyo maana wengi walipona.

Huku kwetu Nyanza na Magharibi, Kenya, upepo haufikii ukubwa huo, lakini masika hayapiti bila shule au soko kuezuliwa, na hakuna king'ora. Semeni yaliyowapata. Pole tutapeana, ila zaidi nataka mbinu.

Mama wa Ahero
Ulikuja jioni, baada ya joto la kutwa. Vumbi lilitangulia, kisha mvumo, kisha paa la jikoni likanyanyuka pamoja na mbao zake na kutua kwenye mpunga wa jirani. Ukuta haukupata hata ufa! Fundi alinionyesha sababu: ile mbao inayolala juu ya ukuta haikufungwa na chochote, ilikuwa imelazwa tu. Aliporudishia, alibomoa kozi (safu za matofali) tatu za juu, akapitisha waya mnene chini yake, akajenga tena, akauzungusha waya kwenye mbao na kuukaza kwa koleo. Umevuma tena mara nyingi, na paa halijasogea. Kila anayejenga namwambia: kabla hujalipa fundi, panda ngazi ukaone huo waya kwa macho yako.

Mvuvi wa Usenge
Huku Ziwa Victoria dhoruba ya kuzunguka tunaiita nyakoi. Unaona mkonga unashuka kutoka wingu jeusi hadi majini, unazunguka. Usingoje kujua inakoelekea, kata kwa ubavu uiache ipite. Sisi wavuvi wa omena (dagaa) tuko hatarini zaidi kwa sababu tunakesha na taa, na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku: pepo za nchi kavu hutoka pande zote zikakutana katikati. Gizani huioni, unasikia tu. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisifanywe mto wa kukalia.

Mwalimu, Muhoroni
Watoto chini ya madawati, mbali na madirisha, na asitoke mtu. Bati linaloruka uwanjani hukata kama panga. Upepo ukitulia, kwanza angalia nyaya za stima zilizoanguka.

Mchuma chai, Nandi Hills
Kwetu ni mvua ya mawe. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopata mawe mara nyingi zaidi duniani. Chai ikichanika majani, hakuna cha kuchuma, na asiyechuma halipwi.

Fundi wa Kondele
Mama wa Ahero amesema kweli. Niongeze: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la 28, msidanganywe na ukubwa wa namba. Tumia misumari ya kofia yenye raba, na pembezoni mwa paa ipigwe karibu karibu, maana upepo huanzia hapo kufunua. Ukipunguza upenu unaotokeza sana, unaunyima pa kushika.

Aliyeanzisha
Fundi, asante. Nyumba yangu imeshaezekwa na sina uwezo wa kubomoa kozi. Nifanyeje?

Fundi wa Kondele
Usibomoe, ndugu. Toboa ukuta chini ya kozi ya tatu kutoka juu, pitisha waya, funga kwenye mbao, ziba kwa saruji. Anza na pembe nne.